Cheni ya Nduthi Yako Inaliwa na Chumvi: Hivi Ndivyo Utaisafisha na Kuipaka Oili Hapo Hapo Mlangoni, Mombasa

Wasee wa nduthi wa Mombasa, hii ni yenu. Simama pale Marikiti saa moja asubuhi, wakati boda zinashusha akina mama na vikapu vyao, halafu utege sikio. Utasikia honi, utasikia mwenye mkokoteni akipiga kelele apishwe, na chini ya hizo zote utasikia krr-krr-krr kavu, kama mtu anatafuna kokoto. Hiyo si injini, buda. Hiyo ni cheni inalia.

Na wengi wetu tukisikia hiyo sauti tunafanya nini? Tunaongeza redio. Ama tunangoja siku ile inaruka kwa sproketi ukiwa umebeba mtu, ndio unakumbuka kuna kitu inaitwa oili.

Cheni nyingi hapa kisiwani hazifi kwa sababu ni feki (ingawa za feki ziko, tusidanganyane). Zinakufa kwa kiu na chumvi. Na dawa yake si ya garage. Ni kazi ya nusu saa, mlangoni kwako, na vitu ambavyo vingine tayari viko nyumbani.

Mbona hapa ni noma kuliko bara?

Msee wa Nakuru anapigana na vumbi tu. Wewe unapigana na vumbi, mchanga na bahari. Kisiwa hiki kimezungukwa na maji ya chumvi kila upande, na upepo hautulii. Kaskazi ikiisha kusi inaingia, na zote zinabeba unyevu wa chumvi mpaka kwa nduthi uliyoegesha Kibokoni ukidhani imejificha kwa kichochoro. Cheki grili za madirisha ya Mji wa Kale vile zimeliwa na kutu. Sasa hiyo ni chuma imesimama tu, haifanyi kazi. Cheni yako ni chuma inayozunguka kutwa nzima.

Kama unavuka ferry ya Likoni, ongeza hapo. Ile sehemu unashukia imelowa maji ya bahari karibu saa zote, na gurudumu la mbele linayarusha nyuma moja kwa moja kwa injini na cheni. Unavuka mara sita kwa siku, hiyo ni kama kuosha cheni na chumvi mara sita. Mara nyingine unapumzika Mama Ngina Drive mchana ukila kachiri na muhogo, upepo unakupiga poa sana, na nduthi nayo inapigwa na ule ule.

Halafu kuna hii ya maji ya kisima. Visima vingi kisiwani vina maji ya chumvichumvi, kila mtu wa Mji wa Kale anajua, ndio maana watu wananunua maji tamu kwa madumu. Ukichota ya kisima ukaoshea nduthi, itang'aa jioni hiyo, lakini kwa cheni umeongeza kile kile unachokitoa. Kwa nduthi yote tumia chochote unachopata. Kwa cheni na sproketi, tenga hata lita mbili za maji tamu, hasa siku umevuka ferry.

Kwanza jua unapaka nini

Cheni unayoiona leo ilibuniwa 1880 na jamaa anaitwa Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, Uingereza. Mpaka leo akili ya ndani haijabadilika. Kuna sahani za pembeni. Kuna pini inayopita katikati. Juu ya pini kuna bushi, kama kibomba kidogo, na juu ya bushi kuna rola, ile ya mviringo inayokaa kwa meno ya sproketi.

Sasa sikiza hapa, maana ndipo wengi wanapotea. Oili haihitajiki pale nje unapopaona. Inahitajika kati ya pini na bushi, na kati ya bushi na rola. Ndani. Cheni inaweza kuwa nyeusi tititi, imepakwa grisi mpaka inadondoka, na ndani ikawa kavu kama mkate wa juzi.

Watu husema cheni "imevutika." Chuma haikuvutika. Kilichotokea ni pini na bushi zimelana, kila kiungo kimepata nafasi kidogo, na viungo viko zaidi ya mia. Jumlisha hizo nafasi ndogondogo, ndio unaona cheni imelegea hata baada ya kukaza juzi tu.

Unaweza kupima mwenyewe. Nduthi nyingi za kazi hapa Kenya, za 100 mpaka 150 cc, zinatumia cheni ya 428. Namba kawaida imechapwa kwa sahani ya pembeni. Hiyo 428 ikiwa mpya, kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7. Vuta sehemu ya cheni inyooke, hesabu pini 21, yaani nafasi 20 katikati yake, kisha pima toka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Mpya inatoa milimita 254. Ikigonga 259, hiyo anza kuichangia. Milimita tano inaonekana kidogo, lakini ni robo milimita imeliwa kwa kila kiungo, na hakuna oili ya kurudisha chuma kilichoenda.

Huna rula? Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuja nyuma. Isipotoka ama ikitoka kidogo sana, uko sawa. Ukiona nusu ya jino iko wazi, hapo huna cheni, una mkufu. Angalia pia meno yenyewe. Jino zima ni kama mlima mdogo, pande zote sawa. Jino lililoliwa linapinda upande mmoja kama pezi la papa. Yakifika hapo badilisha zote tatu, cheni, sproketi ndogo na kubwa. Kuweka cheni mpya kwa sproketi iliyoliwa ni kumpa mgonjwa alale kitanda kimoja na mzima.

Mafuta taa, SI petroli

Vitu unavyohitaji: mafuta taa kama kikombe kimoja, mswaki mzee, brashi ndogo ya nguo, matambara, katoni mbili, kopo la kukinga uchafu, na oili. Gilavu kama unazo. Zamani watu walikuwa wanavaa mifuko ya juala mikononi, lakini hizo zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo ukikosa gilavu kubali tu kucha zako zitakuwa za fundi wiki hii.

Sasa hii ya petroli. Najua iko hapo hapo kwa tangi, najua inatoa uchafu haraka. Lakini petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwa baridi ya friza, na ule mvuke ni mzito, unatambaa chini kwa chini. Mafuta taa kwa kawaida yanahitaji kupata joto la karibu nyuzi 38 ama zaidi kabla mvuke wake haujawa wa kushika. Sasa fikiria kichochoro chako. Hapo mlango wa tatu kuna mama ana jiko la makaa, anakaanga viazi karai. Hapo kwa kibaraza kuna wazee na kahawa chungu, dele liko juu ya makaa. Mmoja ana sigara. Nyumba zimebanana, mbao za milango na roshani ni za miaka na miaka, na gari la zimamoto kupita huko ndani ni shida. Kwa hiyo shilingi chache unazookoa kwa mafuta taa, wacha tu. Na hata hayo mafuta taa, kaa mbali na jiko la mtu.

Kama nduthi yako ni ya hali ya juu kidogo na cheni yake ina ringi ndogo za mpira kati ya sahani, petroli itazikausha na kuzipasua. Brashi ya waya pia usiiguse nayo. Mafuta taa hazina noma nazo.

Vidole vyako havina spea

Hapa tusimame kidogo.

Kuna staili moja inapendwa sana. Msee anaweka nduthi kwa stendi kubwa, anawasha, anaweka gia ya kwanza, gurudumu la nyuma linazunguka lenyewe, halafu anashika tambara kwa cheni inavyopita. Inaonekana smati. Cheni inajisafisha, wewe unashikilia tu.

Tambara likinasa kati ya cheni na sproketi, kidole kinaenda nalo. Hata injini ikiwa polepole kabisa, hilo jino linapita kabla ubongo wako haujaambia mkono utoke. Na sproketi haikati kama kisu, inasaga. Hakuna cha kushona hapo. Msee akishapoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, yule wa eksileta na breki, kazi ya boda imekuwa nyingine kabisa.

Kwa hivyo injini iwe imezimwa. Sio "iko sailensa." Imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, gia iko nyutro, na gurudumu unazungusha kwa mkono, kwa kushika tairi, sio spoku. Zungusha kinyume, kama unarudi nyuma, ili tambara likinasa lisivutwe ndani ya sproketi kubwa kutoka chini. Na kama kuna mtoto anachungulia, maana kwa kichochoro mtoto lazima awepo, mpe kazi ya kushika tochi akiwa upande wa pili. Mikono yake isiwe karibu.

Tuktuk za Mombasa hazina hii shida kwa sababu hazina cheni, zinasukuma magurudumu kwa shafti. Zina shida zao zingine, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Sasa osha

Wakati poa ni usiku baada ya trip ya mwisho. Cheni iko na joto, oili itaingia ndani vizuri, kisha inapata usiku mzima ya kutulia. Ukipaka asubuhi ukatoka mbio, nusu yake itarukia rimu na suruali ya abiria.

Tandika katoni chini ya nduthi, na nyingine isimamishe kati ya cheni na tairi. Mafuta taa yakiingia kwa tairi, kona ya kwanza itakuonyesha mambo. Usiyamwage kwa cheni kama unanywesha ng'ombe. Chovya mswaki, sugua. Cheni ina pande nne: juu, chini, ndani na nje. Wengi wanasugua ile ya nje inayoonekana na kusema wamemaliza. Ya ndani, inayogusana na meno, ndio ina uchafu wa maana. Fanya kama shibiri mbili, zungusha gurudumu, fanya zingine, mpaka urudi pale ulipoanzia. Weka alama ya chaki ama ya rangi ya kucha kwa kiungo kimoja ujue umefika. Muombe dadako rangi, usiibe.

Fungua pia kava ndogo ya sproketi ya mbele kama una spana. Huko ndani utakuta matope meusi yaliyogandamana, mchanga na oili vimekuwa kitu kimoja. Hiyo ni msasa kamili, inakula cheni kila inapopita. Kwangua yote itoke.

Kisha pangusa kwa tambara kavu mpaka tambara litoke karibu safi. Iache dakika kumi na tano hivi mafuta taa yakauke. Ukipaka oili juu ya mafuta taa, inakuwa nyepesi na inatiririka.

Uchafu uliokingwa usimwage kwa mtaro. Mitaro hii inaenda baharini, na kuna mtu atavua samaki huko kesho na wewe utamla. Mimina kwa chupa, mpelekee fundi anayekusanya oili chafu. Na kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa, futa mlangoni vizuri. Mzee akitoka na kanzu nyeupe kuelekea msikitini, akakanyaga oili yako, hiyo kesi haina wakili.

Oili gani? Hapa ndipo stage zinagawanyika

Uliza stage yoyote, kutoka Mwembe Tayari mpaka Kibokoni, utapewa majibu matano. Haya ndiyo ninayoweza kukuambia.

Oili chafu, ile iliyotolewa kwa injini. Ni ya bure, ndio maana inapendwa. Ni afadhali kuliko cheni kavu, hilo sikatai. Lakini ilitolewa kwa injini kwa sababu. Imebeba masizi, vipande vidogo vidogo vya chuma na asidi ya moto wa injini. Umetoka kuondoa msasa kwa cheni halafu unaurudisha kwa njia ya majimaji. Kama huna kitu usiku huo, ipake, kesho tafuta ingine.

Grisi ya kopo. Inang'ang'ania na inaonekana kazi imefanywa, lakini ni nzito, haiingii kati ya pini na bushi. Inakaa nje inakusanya mchanga wa Mombasa yote.

Mafuta ya kupikia. Tafadhali. Yanaganda na kuwa kama gundi.

Ile sprei ya WD-40 ya kawaida. Hizo herufi mbili za mwanzo ni za maneno ya Kiingereza ya kufukuza maji, na hiyo ndiyo kazi yake. Baada ya mvua ama ferry inasaidia kutoa unyevu. Lakini ni nyepesi sana kubeba cheni siku nzima, kwa hivyo lazima ufuate na oili yenyewe.

Oili ya gia, ile ya 90 ama 80W-90 wanayotumia kwa gari, hiyo ndiyo ningechagua kwa kazi ya boda. Inaingia ndani, inakaa, na lita moja utatumia miezi. Sprei ya cheni ya dukani iko safi zaidi na hairuki ovyo, kama mfuko unaruhusu. Ukikosa zote, oili mpya ya injini, ile iliyobaki kwa kopo baada ya sevisi, inafanya kazi, ila utapaka mara kwa mara zaidi.

Kupaka nako kuna akili yake. Usipake kwa mgongo wa cheni. Paka kwenye ule mstari wa chini, upande wa ndani, ule unaotazama juu. Cheni ikizunguka, nguvu ya mzunguko inasukuma oili kutoka ndani kwenda nje, kwa hivyo itapita kwenye viungo njiani. Ukipaka nje, inaruka tu hewani. Tumia chupa ndogo ya dawa ama sindano isiyo na ncha, tone moja kwa kila upande wa rola, pale sahani mbili zinapokutana. Zungusha polepole. Utachoka kidogo, ni sawa. Ukimaliza raundi, zungusha gurudumu kama mara kumi bila kupaka ili iingie.

Ukikuta kiungo kimoja kimekaza, hakipindi, kipe tone zaidi na ukichezeshe kwa mkono. Vikiwa vingi na vimeshika kutu, hiyo cheni imeshaaga.

Kukaza: usijifanye una nguvu

Cheni lazima icheze. Kwa nduthi nyingi ndogo ni kati ya sentimita 2 na 3 juu-chini, ukipima katikati ya mstari wa chini. Yako hasa iko kwa kitabu, ama kwa stika karibu na gurudumu la nyuma. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni haijaliwa sawasawa. Fuata ile sehemu iliyokaza zaidi.

Legeza nati kubwa ya ekseli, kisha ajasta za pande zote mbili, zungusha kidogo kidogo kwa kiasi sawa. Kuna alama za mistari kila upande. Zisipolingana gurudumu linakaa mshazari, cheni inakula sproketi upande mmoja. Kaza ekseli, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huwa kunavuta.

Kuna wale wanakaza mpaka cheni inalia kama gitaa. Kumbuka nduthi ikibeba mtu mkono wa nyuma unapanda na cheni inakazika zaidi. Na wewe tunakujua, sheria inasema abiria mmoja lakini jioni tunakuona umewapanga kama mishkaki. Cheni iliyokazwa hivyo inavuta beringi za gurudumu na shafti ya gia. Hapo umetoka kwa bei ya cheni umeingia bei ya kufungua injini.

Ukishasogeza gurudumu, breki ya nyuma imebadilika pia, kama ni ile ya ufito. Ikanyage kabla hujaenda popote, urekebishe nati yake. Msee anaweza kukaza cheni vizuri kabisa halafu agundue breki haiko sawa akiteremka kuelekea ferry.

Na ile klipu ya kiungo cha kufungia, ile kama samaki mdogo. Upande uliofungwa ndio unatangulia kule cheni inakoenda. Kwa mstari wa juu, kichwa cha samaki kinaangalia mbele ya nduthi. Ukiigeuza, kitu chochote kikigusa ule upande wazi, inachomoka. Cheni ikikatika ukiwa mwendo, mambo mawili: inaweza kujikunja pale mbele ikapasua kava ya injini, ama ijifunge kwa gurudumu la nyuma lisimame pwaa. Weka hiyo picha katikati ya Daraja la Nyali, saa kumi na mbili jioni, matatu iko nyuma yako.

Kava si mapambo

Hii ni ya Mombasa kabisa. Wengi wanatoa kava ya cheni kwa sababu inagonga-gonga ama imepinda. Manze, wewe unabeba kina nani? Unabeba mama wa buibui, dada wa dera, msichana ana leso, wengine wamekaa upande. Dera ni kitambaa kipana, upepo ukishika linapepea nyuma hivyo. Likiingia kati ya cheni na sproketi halikatiki. Linavuta. Na aliyelivaa anavutwa nalo chini, ama kama ni mtandio uko shingoni, hiyo hata sitaki kuiandika.

Kwa hivyo ukimaliza kupaka oili, kava inarudi. Imepinda? Inyooshe kwa nyundo. Bolti imepotea? Fundi yeyote ana kopo la bolti. Na kabla ya kuondoka na abiria, mwambie akusanye nguo aikalie. Hatakasirika. Sema "Dada, shika dera hapo nyuma," basi.

Mara ngapi?

Vitabu vingi vya nduthi vinazungumzia kilomita 500 hivi, vingine zaidi. Lakini aliyeandika hakuwa anavuka Likoni. Ukipiga kama kilomita 100 kwa siku, 500 inafika kwa siku tano. Kwa hivyo paka oili mara moja kila siku tano, na kuosha kabisa na mafuta taa fanya mara mbili kwa mwezi. Masika ya Aprili na Mei ikianza, ama siku umepita maji ya bahari, usingoje. Usiku huo mwaga maji tamu kidogo, kausha kwa tambara, paka. Na kwa wale mnapenda kuosha na ile mashine ya presha, mwambie kijana asielekeze pua kwa cheni. Inasukuma maji na sabuni ndani ya viungo na kutoa oili yote.

Kama nduthi ni ya mtu na unampelekea hesabu kila jioni, usimngoje mwenyewe aje apake. Cheni ikikatika Jumatatu, hesabu ya Jumatatu bado inadaiwa. Wa mkopo nao mnajua zaidi, siku ya kulala garage haifutwi kwa deni.

Asubuhi ukiamka, kabla ya mahamri na mbaazi, chukua tambara kavu upite nalo juu ya cheni raundi moja, injini ikiwa imezimwa. Unatoa ile ya nje tu, ya ndani imeshakaa. Kisha sukuma nduthi mpaka mwisho wa kichochoro bila kuwasha, usikilize. Ikinyamaza, washa uende stage.